Visima Vyekundu vya Matlab

Njia bora ya kwenda Chandpur kutoka Dhaka ni mto. Meli huondoka katika gati ya Sadarghat, mahali ambapo mto Buriganga, hasa wakati wa kiangazi, ni mweusi kwa taka za mji, na abiria hujifunika pua kwa vitambaa. Baada ya muda maji huanza kusafika, mto mmoja humwagikia mwingine, kingo huachana, na hatimaye msafiri hujikuta juu ya Meghna, mto mpana kiasi kwamba mtu wa Pwani aliyekulia kando ya bahari huitafuta ng'ambo ya pili asiione. Chandpur yenyewe imekaa pale Meghna inapokutana na Padma, na Padma ndio unaobeba maji ya Ganges na ya Brahmaputra kwa pamoja. Maji yaliyoanza safari yake katika theluji za Himalaya hupita hapo yakielekea Ghuba ya Bengal.

Tulikuwa sita: wanaume watatu tuliotoka katika ijtimai ya Tongi, na wake zetu waliokuwa wakitungoja Dhaka katika nyumba ya wenyeji. Tulialikwa na mwalimu wa madrasa, ambaye tulimwita Maulana kama wanavyomwita wanafunzi wake, twende kwao Matlab, katika wilaya hiyo ya Chandpur. Kiarabu chake na chetu vilitosha kutupatanisha. Kutoka bandarini tulipanda magari ya magurudumu matatu, ndugu wa tuktuk zetu za Mombasa, tukapita mashamba ya mpunga yaliyogawanywa na matuta, mabwawa ya samaki, migomba, minazi na mipopoo mirembo iliyosimama kama milingoti. Nchi ile yote ni maji. Mtu hawezi kutembea hatua mia mbili bila kukutana na bwawa, mfereji au mto, na ndiyo sababu jambo tulilolikuta huko lilituwia zito kulielewa mwanzoni.

Nyumba za vijijini kule hujengwa kuzunguka ua mmoja, ndugu kwa ndugu, na mkusanyiko huo wanauita bari. Tulipofika ilikuwa karibu na Alasiri. Uani palikuwa na pampu ya mkono ya chuma, mdomo wake umepakwa rangi nyekundu iliyoanza kubanduka. Watoto wakatupigia pampu, tukatawadha kwa maji baridi, maangavu, yasiyo na tope wala unyevu wa harufu yoyote. Mwenzetu mmoja akakinga viganja ili anywe. Mtoto wa kike, hakuzidi miaka saba, akamrukia akamshika mkono wa kanzu huku akipiga kelele, na maji yakamwagika. Maulana akacheka kidogo, kisha akatueleza bila kucheka: maji haya ni ya udhu, ya kufulia na ya kuoshea vyombo. Ya kunywa yanatoka mahali pengine. Katika maji haya mna zarnikh.

Zarnikh ni neno ambalo mwanafunzi wa vitabu vya fiqhi amekutana nalo. Ndilo lililokuwa likichanganywa na chokaa kufanyiwa nura, dawa ya kuondolea nywele mwilini. Wataalamu wa leo huiita aseniki, na wazee wetu waliijua kama sumu ya panya. Iliingiaje ndani ya kisima cha familia?

Hadithi yake inaanza kwa wema. Kabla ya pampu hizi, watu wa Bengal walikunywa maji ya mabwawa na mito, na mabwawa yale yale ndiyo waliyoogea na kuoshea ng'ombe. Kipindupindu na kuhara viliua watoto kwa maelfu. Matlab yenyewe ina hospitali ya kipindupindu tangu miaka ya 1960, tawi la kituo cha utafiti cha Dhaka ambacho watafiti wake walikuwa miongoni mwa waliothibitisha, mwaka 1968, kwamba mgonjwa wa kuhara anaweza kuokolewa kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari. Kila mama wa Kiswahili aliyewahi kumkorogea mwanawe pakiti ya dawa ile ana deni la dua kwa watu wa huko. Basi kuanzia miaka ya 1970, serikali ya Bangladesh pamoja na UNICEF wakahimiza visima vya pampu: bomba jembamba linalozamishwa ardhini, pampu ya chuma juu yake, na maji yasiyo na vijidudu yako uani. Mafundi huzamisha bomba kwa mikono yao, bila mtambo wowote, na kazi huweza kuisha kwa siku moja. Husimuliwa kwamba wazee wengine waliyakataa maji hayo mwanzoni, wakiyaita maji ya shetani kwa kuwa yametoka chini ya ardhi. Walielimishwa, wakakubali, na watu wenye uwezo kidogo wakaanza kujichimbia wenyewe. Ikawa nchi nzima ina mamilioni ya visima, na watu zaidi ya 9 katika kila 10 wanakunywa humo.

Kwa wanawake neema hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, nasi tunaomba jambo hili lisipitwe. Mwanamke aliyekuwa akitoka na mtungi kwenda bwawani, mbele ya macho ya wapita njia, sasa alikuwa na maji ndani ya ua wake, katika sitara yake. Aliamka akapiga pampu, akatawadha, akateka ya chai. Hakuhitaji kumwomba mtu.

Lakini ardhi ya huko imejengwa kwa mashapo, yaani tope na mchanga ulioletwa na mito kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka. Ndani ya mashapo hayo mna chembe za aseniki zilizojishika kwenye kutu ya chuma. Zikiwa zimeshikamana hivyo hazimdhuru mtu. Chini zaidi, mahali pasipofika hewa na ambapo majani na miti ya kale imeozea, vijidudu vya ardhini huiyeyusha kutu ile ili viishi, na aseniki iliyokuwa imefungwa humo hufunguka ikaingia majini. Tabaka lililoathirika zaidi ni lile la mita chache chini, aghalabu zisizofika 100, na humo ndimo mabomba mengi yalimoishia kwa sababu ndimo maji yanapopatikana kwa bei nafuu. Maji ya bwawa hayakuwa na sumu hii. Maji ya vina virefu, kupita mita 150, kwa kawaida hayana pia. Watu walikimbia ugonjwa wa juu wakasimama katikati, hasa pale palipo na maradhi mengine.

Upande wa India, katika Bengal Magharibi, daktari wa ngozi wa Kolkata, K. C. Saha, aliwatambua wagonjwa wa kwanza mwaka 1983. Upande wa Bangladesh sumu ilithibitishwa katika kisima cha Chapai Nawabganj mwaka 1993, miaka ishirini na zaidi baada ya kampeni kuanza. Visima havikuwa vimepimwa aseniki kwa sababu hakuna aliyedhani imo. Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza ilikuwa imepima maji ya nchi hiyo mwaka 1992 bila kuitafuta aseniki. Mwanakijiji mmoja aliyeugua aliishtaki hadi mahakama ya juu kabisa ya London, na mwaka 2006 majaji wakaamua kwamba taasisi ile haikuwa na dhima ya kisheria kwake. Sisi si mahakimu wa sheria ile. Tunasema tu kwamba mwanakijiji yule alikuwa na swali la haki: aliyepima maji akanyamaza juu ya sumu, msomaji wa ripoti yake ataelewa nini?

Taasisi hiyo hiyo ndiyo iliyorudi mwaka 1998 na 1999 ikapima visima 3,534 katika karibu wilaya zote. Katika visima vifupi, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha serikali ya Bangladesh, na asilimia 46 vilizidi mikrogramu 10, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Watu waliokadiriwa kunywa maji yanayozidi kiwango cha kwanza walikuwa milioni 35. Chandpur ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika vibaya kuliko zote. Kwa wasiozoea vipimo hivi: mikrogramu 10 kwa lita ni sawa na gramu moja ya sumu katika maboza 10 ya maji, kila boza lita 10,000. Kiasi kidogo mno kuonekana, na ndicho mpaka wenyewe.

Hapo ndipo tulipoanza kuyapitia upya masomo yetu ya utotoni. Mlango wa kwanza wa fiqhi ni mlango wa tahara, na ndani yake tulifundishwa, nasi tukawafundisha wengine, kwamba maji hutambulikana kwa sifa tatu: rangi, tamu na harufu. Zisipobadilika kwa najisi, na maji yakawa mengi, maji ni tahiri. Maji ya pampu nyekundu yalikuwa yametimiza masharti yote matatu. Udhu wetu ulisihi, na sala yetu ya Alasiri haina shaka, kwani kuoga na kutawadha kwa maji hayo hakudhuru kama kuyanywa. Ila tahara ni suala moja na usalama wa kunywa ni suala jingine, na watu wetu wengi huyachanganya: wakiyaona maji ni meupe husema ni mazuri. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikwisha kuitambua tofauti hiyo. Maji yaliyopigwa na jua ndani ya chombo cha madini katika nchi ya joto ni tahiri kabisa, lakini waliyakirihisha kuyatumia mwilini kwa kuchelea madhara ya mabaka meupe ya ngozi. Wamehitilafiana juu ya hukumu hiyo na si neno letu leo. Kinachotuhusu ni kwamba waliuliza swali la madhara baada ya kumaliza swali la najisi.

Na mabaka ndiyo tuliyoyakuta. Sisi wanaume tulikaa barazani na Maulana. Wake zetu walikaribishwa ndani, na mpwa wa Maulana aliyesoma chuo akawatafsiria. Waliyotusimulia usiku tunayaandika kama walivyoyasema. Mama mwenye nyumba, ambaye vijana wote wa ua ule humwita khala, yaani mama mdogo, aliwafunulia viganja vyake: vilikuwa na sugu ndogo ndogo ngumu, mfano wa punje za mtama zilizofukiwa chini ya ngozi, na nyayo zake vivyo hivyo, hata kutembea peku humuuma. Kifuani alikuwa na madoa meusi na meupe yaliyotawanyika kama manyunyu. Alikunywa kisima kile tangu alipoolewa, miaka kumi na tisa, kabla hakijapakwa rangi. Kilichomuumiza zaidi si mikono. Dada yake, mwenye madoa kama hayo, alirejeshwa kwao na mumewe kwa kudhaniwa ana ukoma, na watoto wake walikatazwa kucheza na wenzao. Ugonjwa wa aseniki hauambukizi hata kidogo, wala hautokani na laana, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na wa kuwaambia watu hivyo. Hadi leo, khala alisema, wanaokuja kuposa huitazama pampu kabla ya kumtazama binti.

Sumu hii haina haraka. Ngozi huonyesha baada ya miaka kadhaa, na saratani za ngozi, mapafu na kibofu huja baada ya miaka mingi, wakati mwingine mtu amekwisha kuhama na kukisahau kisima. Katika eneo la Araihazar, mashariki ya Dhaka, watafiti waliwafuata watu wazima wapatao 12,000 tangu mwaka 2000. Miaka kumi baadaye walikadiria kwamba takriban kifo kimoja katika kila vitano kilitokana na maji yaliyozidi mikrogramu 10. Watoto wa eneo hilo waliokunywa aseniki nyingi zaidi walipungukiwa katika majaribio ya akili wakilinganishwa na wenzao. Kuchemsha maji hakusaidii. Mvuke hutoka na sumu hubaki, ikawa kali zaidi katika maji yaliyosalia. Dawa ya klorini huua vijidudu tu.

Baina ya mwaka 2000 na 2003 serikali na washirika wake walipima karibu visima milioni 5. Vilivyo salama vilipakwa kijani, visivyo salama vyekundu, na vyekundu vilifika milioni 1.4 hivi. Ilikuwa hatua kubwa. Kule Araihazar watu 6 katika kila 10 waliokuwa na kisima kibaya walihamia kwingine. Lakini kuhama ni neno jepesi mdomoni mwa mwanamume. Pampu ya kijani iliyo karibu na khala iko ng'ambo ya njia, karibu na duka la chai ambalo wanaume hukaa kutwa. Yeye huenda kabla ya Alfajiri na baada ya Magharibi, ndoo mbili kila safari, kwa viganja vile vile vyenye sugu. Mwenye pampu ni jamaa wa mbali. Watoto wao walipogombana, alisema, alikaa siku nne bila kwenda, na katika siku hizo nne walirudi kwenye nyekundu. Ile sitara aliyopewa kwa pampu ya uani imeondoka kwa rangi ya pampu hiyo hiyo.

Ziko tiba nyingine. Kisima kirefu cha serikali ni bora, ila gharama yake si ya mtu mmoja, na shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2016 jinsi visima hivyo vilivyokuwa vikichimbwa kwa ushawishi wa wanasiasa, vikaishia katika nyua za marafiki zao. Kuna kukinga maji ya mvua, jambo ambalo watu wa Lamu na Siyu hawahitaji kufundishwa, ingawa kiangazi cha huko ni kirefu kuliko matangi yao. Na kuna chujio la Sono, lililobuniwa na Abul Hussam, mzaliwa wa Kushtia aliyekuwa profesa wa kemia Marekani: ndoo mbili zilizopandana, ndani yake mchanga, chuma kilichosagwa, makaa na vipande vya matofali. Kutu ya kile chuma huishika aseniki, kama ilivyokuwa imeishika ardhini. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya dola milioni 1 kwa kazi hiyo, na sehemu kubwa ya fedha hizo akazirudisha katika kugawa machujio. Tuliliona moja madrasani kwa Maulana, limefunikwa kitambaa safi, na wanafunzi wanalipanga foleni. Hata hivyo rangi za visima zinabanduka, watu wanachimba vipya kila mwaka bila kuvipima, na mtoto aliyezaliwa baada ya kampeni hawezi kujua kilichokuwa chekundu.

Wakati wa kuagana, khala aliwauliza wake zetu visima vya kwetu vimepakwa rangi gani. Wakamjibu kwamba havikupakwa rangi yoyote. Akamshukuru Mungu kwa niaba yetu, akidhani maana yake ni kwamba vyote ni salama.

Hapana haja ya kuwatia watu hofu. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, si juu ya tope la Himalaya, na balaa za visima vyetu zinajulikana: chumvi ya bahari inayoingia pale maji yanapovutwa kupita kiasi, na mashimo ya vyoo yaliyochimbwa karibu mno na kisima. Lakini kila ardhi ina yake. Katika Bonde la Ufa floridi huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na floridi nayo haina rangi wala harufu ndani ya kikombe. Na siku hizi visima vya sadaka vinachimbwa kila mahali, kuanzia Kwale hadi Tana, kwa mitambo inayokwenda chini kuliko walivyofika wazee wetu, katika miamba ambayo hawakuinywa maji yake. Sadaka ya maji ina cheo kikubwa. Saad bin Ubada, radhi za Allah ziwe juu yake, alichimba kisima kwa ajili ya mama yake aliyefariki baada ya kuelekezwa kwamba maji ndiyo sadaka bora. Tumehudhuria uzinduzi wa visima kadhaa vya namna hiyo: bango la marumaru lenye jina la marehemu lipo, dua inasomwa, pilau inaliwa, na tunapouliza karatasi ya maabara tunatazamwa kama watu waliotaka kuharibu shughuli.

Basi karatasi hiyo itakwe kabla ya bango. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mombasa, na ziko nyingine. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipimo cha kawaida huangalia vijidudu na chumvi. Anayetaka aseniki na floridi zipimwe hana budi kuzitaja kwa majina, na kiwango cha Kenya kwa aseniki ni hizo hizo mikrogramu 10 kwa lita. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuchimba. Sampuli ichukuliwe baada ya pampu kutumika kwa dakika kadhaa, katika chupa iliyotolewa na maabara yenyewe, wala si chupa ya soda iliyosuuzwa. Majibu yakitoka, nakala moja ibaki kwa kamati ya msikiti na nyingine apewe mama wa nyumba iliyo jirani na kisima, kwani majirani wakitaka kujua maji yakoje watamuuliza yeye.